Mwarobaini Mtamu

Dokta Majani hakuwahi kutibu hata kikohozi cha kuku, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Siku hiyo alisimama buchani akijifanya anachagua maini, kumbe anachagua mtu.

"Kunywa, baba watoto," mke wa mwenye bucha alimbembeleza mumewe, kikombe cha mwarobaini mkononi. "Vipele hivyo vitakumaliza."

"Majani yake nimeogea, kijiti chake nimepigia mswaki. Lakini kunywa uchungu ule? Afadhali nijikune hadi kiama!"

Dokta Majani akakohoa kwa adabu. "Mzee wangu, kwani ule mtamu hujaupata?"

Kisu kikasimama hewani.

Basi akamimina maneno. Upo mwarobaini mtamu, unatibu homa, minyoo, ngozi na meno kama ule mwingine, ila ulimini ni asali. Yeye anao mche mmoja tu. Atakayeupanda, mtaa mzima utapanga foleni mlangoni kwake.

Mwenye bucha akaacha kujikuna. "Unataka nini?"

"Pesa sipokei, nimekula kiapo. Ila ile pikipiki yako, pale nyuma, chini ya turubai..."

"Lete mche kesho, uondoke nayo."

Kesho yake Dokta alifika na mche alioung'oa nyuma ya gereji, umesimama kwa maringo ndani ya kopo la rangi. Mfukoni alikuwa na chupa ndogo ya chai yenye sukari ya kuua sisimizi, ya kuwaonjesha. Akakuta majirani wameketi na birika linachemka, akaitoa chupa.

"Chupa ya nini, shemeji?" Mke alichuma majani ya mche uleule, akayatumbukiza yote birikani. "Tuonje huu huu. Na mganga huonja kwanza."

Wapo mashujaa waliokabili simba kwa mkuki. Hao wote hawakuwahi kutakiwa watabasamu wakati wanaliwa.

Dokta akanywa. Uchungu ukapanda hadi kwenye mizizi ya nywele.

"Asali!" akasema.

"Mbona machozi?" mke akauliza.

"Nimemkumbuka bibi yangu."

"Maskini! Ongeza basi."

Kikombe cha pili. Cha tatu. Vidole vya miguu vilijikunja ndani ya viatu, lakini uso ulitulia kama picha ya kitambulisho. Mwenye bucha, mate yakimtoka, akamkabidhi ufunguo.

Dokta akafunua turubai. Usukani upo, kiti kipo, magurudumu yapo. Mahali pa injini kuku alikuwa amelalia mayai.

"Mzee! Haina injini!"

"Ndiyo yenyewe. Pikipiki isiyokunywa mafuta. Adimu kama mche wako."

Majirani wakaangua kicheko.

"Au dawa haikuwa tamu, shemeji?" mke akauliza kwa upole. "Sema tu, majirani wasikie."

Dokta akawatazama majirani. Mmoja alikuwa mpasua kuni, mikono kama magogo.

"Tamu," akasema, akamtoa kuku, akaanza kusukuma chuma chake kupanda mlima.

Nyuma yake akamsikia mwenye bucha: "Mama watoto, nijazie na mimi. Kikombe kikubwa!"

Kisha ukapigwa ukelele uliorusha kunguru wote wa mtaa, na juu yake sauti ya mke, tamu kuliko asali:

"Meza, baba watoto. Meza yote."