Fungate ya Jasusi Nusu

Jumamosi, 10 Januari 2026

Nimeoa! Jana, baada ya sala ya Ijumaa. Naandika tena ili nilione neno lenyewe: nimeoa. Hanadi amelala hapa pembeni, mkono chini ya shavu, hina ya vidole bado inanukia. Sijawahi kuona mtu akilala vizuri hivi. Nimemtazama mpaka shingo imeuma.

Tupo kwao, Bagamoyo, ndani ya fungate. Siku hizi wengi hukaa siku tatu, lakini baba mkwe, Mzee Mbaruk, alisema saba, ikawa saba. Bwana harusi havuki mlango. Mlinzi wetu ni Bi Mardhiya, somo aliyemfunda Hanadi, mama wa maneno mengi na masikio makali. Simu zetu kazifunga kwenye pindo la kanga yake, akasema dunia itajiendesha wiki hii bila Adil. Kutwa yuko kwenye mkeka wake ukumbini, mita mbili kutoka mlango wa mbele.

Siku saba zikiisha namchukua mke wangu twende Zinga, kwenye duka langu la vyombo vya plastiki. Na hapo ndipo penye jambo. Asubuhi hii Hanadi ameniambia ana ombi moja tu. Nikadhani dhahabu. Siyo. Mama yake alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo baba yake hajacheka. Hutabasamu wageni wakija, basi. Anataka amsikie akicheka walau mara moja kabla hajamwacha peke yake katika nyumba hii.

Nimemwapia kwamba atacheka. Kisha nikakumbuka uso wa Mzee Mbaruk. Ni kama mlango wa duka siku ya Iddi.

Jumapili, 11 Januari

Nimemhoji mke wangu kitaalamu. Swali: zamani mzee alicheka nini? Jibu: sinema moja tu. Kanda ya jasusi wa kuchekesha, aliyoileta mjomba wao, ambayo mama yake Hanadi aliiweka kila Ijumaa alasiri kwa miaka kumi na kitu. Nyumba nzima walimwita yule mtu Jasusi Nusu, kwa sababu sharubu zake za bandia kila mara zimebanduka upande mmoja.

Hanadi alinisimulia kwa mikono. Jasusi Nusu anajificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko yeye. Jasusi Nusu anasimama pembeni kama kitundikio cha makoti, wageni wanamtundikia kofia saba. Jasusi Nusu yuko nyuma ya pazia, viatu nje, na adui anavipiga rangi. Akasimulia huku anacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka kumtazama yeye. Ya Rabi, nimepata mke!

Halafu nikafikiri. Sinema ngapi za majasusi wa kweli zimepita, zenye magari na milipuko? Nani anazikumbuka? Huyu mwenye sharubu nusu wanamkumbuka mpaka rangi ya soksi. Nadhani ni hivi: yeye hajui. Anaamini kwa moyo wote kwamba haonekani. Siku atakayojua kuwa anachekesha, basi, imekwisha. Mimi nisingeweza kazi ile. Mimi najijua sana.

Jumatatu, 12 Januari

Mpango wa kwanza. Katika sinema, Jasusi Nusu anachungulia kupitia matundu mawili kwenye gazeti. Rahisi! Mkasi wa Hanadi, gazeti la mezani, mimi kitini sebuleni kabla ya chai. Mzee Mbaruk akaingia. Nikapepesa macho kupitia matundu.

Kumbe lilikuwa gazeti lake la leo, alikuwa hajalisoma.

Akalipokea kwa mikono miwili, akakaa, akasoma ukurasa wote wa kwanza. Alipofika kwenye tundu akapitisha kidole, akakitazama upande wa pili. Kisha akamuuliza Bi Mardhiya, kwa upole kabisa, kama panya wa mwaka huu wamejifunza kutumia mkasi. Bi Mardhiya akasema wa mwaka huu wanavaa na kanzu.

Hakucheka. Hanadi alicheka, chumbani, uso ndani ya mto. Nikamwambia hesabu haijatimia, yeye siye mlengwa. Akacheka zaidi.

Somo nililopata: uigaji hautoshi, inatakiwa sinema yenyewe. Kanda yao ililiwa na mchwa. Lakini Ferdinandi, yule wa kibanda cha kurekodi sinema karibu na stendi, ana kila kitu kilichowahi kuchezwa duniani, na nyingine zimetiwa Kiswahili juu yake. Ningeweza kumwomba mzee anitumie mtu. Jasusi haombi.

Jumanne, 13 Januari

USHINDI! Haya ndiyo mambo yalivyokwenda.

Saa nne asubuhi. Baibui la Hanadi, nikabu ya Hanadi, flashi mfukoni. Baibui lilinifika katikati ya miundi. Viatu vyake havikunifaa (mimi navaa arobaini na nne), kwa hiyo nikabaki na kandambili zangu za harusi, nyekundu. Hanadi alinifunga nikabu huku kafumba mdomo, mabega yanamtikisika. Nilimshika mkono, nikamwambia asiogope.

Ukumbini, Bi Mardhiya akainua macho. Akauliza huyu ni nani mwenzetu. Nikasema kwa sauti nyembamba kwamba mimi ni jirani, nimekuja kuazima kinu. Kwa nini kinu? Sijui. Ndicho kilichokuwa mbele ya macho yangu. Akanitazama toka juu mpaka chini, na chini akakaa kidogo. Kisha akasema, "Chukua, mama, chukua. Na mchi wake usisahau."

Basi nikatoka. Jua kali, kinu kifuani, mchi kwapani, baibui linapepea. Kinu kile, nadhani, kimechongwa kwa mti mzima. Sikufika hata kona ya pili, mbele yangu: Mzee Mbaruk, anatoka dukani kwake!

Nikasema shikamoo, sauti ikatoka kama ya kifaranga. Akajibu marahaba, mwanangu. Akasimama. Akatazama kinu. Akatazama kandambili. Akasema, "Mzigo mzito huo kwa mtoto wa kike. Lete nikusaidie." Na akakibeba! Begani! Akaniuliza ninakipeleka wapi, na kichwani mwangu mlikuwa na jina moja tu.

"Kwa Ferdinandi," nikasema.

Mtu mwingine angeuliza kinu kinafanya nini kwenye kibanda cha sinema. Mzee hakuuliza. Hashuku chochote, masikini, moyo wake safi. Tuliongozana mtaa mzima. Watu walimwamkia, akawajibu kwa utulivu, kinu begani, akiwaambia anamsaidia jirani. Ferdinandi alinitambua nilipofungua mdomo, akataka kusema kitu, nikamkanyaga mguu. Akanitilia sinema kwenye flashi bila neno, ila kichwa chake kilikuwa chini ya meza muda wote. Mzee alisubiri nje. Nilipotoka akaniuliza, kwa adabu ile ile, kinu kinabaki au kinarudi.

Nikasema kinarudi.

Akakirudisha. Mlangoni akaniambia niwasalimie nyumbani. Nikasema zimefika, na alipogeuka kurudi dukani nikapenya ndani. Kazi safi kabisa! Hakuna aliyeona kitu.

Jumatano, 14 Januari

Nimeshindwa. Naandika polepole leo.

Alasiri niliandaa sebule. Flashi kwenye runinga, mito, bakuli la visheti. Nikaenda kumkaribisha mzee, nikamwambia kuna sinema ya zamani, ile ya jasusi. Akatazama kiti cha dirishani, kile ambacho nilikuwa sijaona mtu akikikalia. Akasema ahsante, mwanangu, tazameni nyie vijana. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Heri angeubamiza.

Hanadi alilia. Mimi nikakaa sakafuni na visheti vyangu kama mjinga. Baadaye akaniambia jambo ambalo kila nikiliandika nalifuta. Alisema baba yake hakuwa akiitazama sinema. Mama yake alikuwa anaijua yote kwa moyo, kwa hiyo alikuwa anacheka kabla. Nguzo bado haijaonekana, yeye tayari kashika mbavu. Baba yake alikuwa amegeuza kiti, kaipa runinga ubavu, anamsubiri mkewe acheke. Kila Ijumaa.

Nimelifikiria mpaka chai imepoa. Mimi nilidhani watu hurudia vichekesho vile kwa sababu ya wingi wa vituko, kwamba ukimaliza kumwona jasusi mbele unamgundua mfagiaji anayeanguka kule nyuma. Ni kweli pia. Lakini pengine tunarudia kwa sababu tunajua kitu gani kinakuja, na tunataka kuwa karibu na mtu fulani kikifika.

Nimemtazama Hanadi. Nikaomba Mungu anipe miaka mingi ya kugeuza kiti.

Alhamisi, 15 Januari

Siku ya mwisho ya fungate. Mpango wa tatu ulikuwa wa Hanadi, naukubali kwa moyo mweupe. Alisema tuitazame wenyewe, mlango wazi.

Tukaanza baada ya alasiri. Mtafsiri kutoka Dar alikuwa anapiga kelele juu ya sauti zote, lakini Hanadi hakumhitaji. Dakika ya tano, nguzo bado, akaanza kucheka. Kicheko kinachoanzia tumboni, kinapanda, kinakatika, kinaanza tena. Ukumbini Bi Mardhiya akasema kwa sauti, "Sauti ya mama yake hiyo!"

Kofia ya nne, ya tano. Hanadi hoi. Ndipo nikasikia mlio. Nikadhani pampu ya maji ya jirani. Nikaenda kuchunguza, nikajificha nyuma ya pazia la mlangoni, kimya kama kivuli.

Mzee Mbaruk alikuwa amekaa ukumbini juu ya kile kinu, kakipindua. Mikono magotini, macho yamelowa, na mwili wote unacheka. Anacheka! Alijaribu kumwambia Bi Mardhiya kitu, akashindwa, akajaribu tena. "Miguu!" akasema. "Mardhiya, uliiona ile miguu?" Bi Mardhiya akajibu, kanga mdomoni, kwamba anaiona hata sasa hivi. Mzee akatazama chini ya pazia langu, akapiga kofi pajani, akalia kwa kicheko.

Hanadi akaja mbio. Baba yake akamshika mkono, akamvuta, akasema marehemu mama yako angeanguka. Angeanguka kabisa, mwanangu. Kisha wakaingia sebuleni wote, na mzee akakaa kwenye kiti cha dirishani. Akakigeuza kidogo.

Nilibaki nyuma ya pazia kwa heshima, na kwa sababu nilikuwa nalia.

Ijumaa, 16 Januari

Tumeaga. Bi Mardhiya amenirudishia simu na kunibusu kipaji cha uso. Hanadi na baba yake wameagana bila machozi mengi, maana mzee alikuwa akicheka kila akinitazama. Furaha ya kupata mkwe, bila shaka.

Jambo moja linanisumbua. Jana alipokuwa akisema na Bi Mardhiya nilimsikia akisema pia, "Na kinu nimebeba mimi!" Nimeitazama sinema ile mara mbili. Viatu chini ya pazia vipo, miguu naielewa. Kinu hakimo. Lazima kuna kipande Ferdinandi amekikata. Nitamdai.

Zawadi ya mzee kwetu: kinu chenyewe, na mchi wake. Amekipakia kwenye bajaji kwa mikono yake. Akaniambia tuje kila Ijumaa alasiri, tutazame pamoja. Kisha akaongeza, uso mkavu, kwamba nikimwona yule dada jirani, nimwambie naye anakaribishwa, amempenda kwa adabu yake.

Nimemtazama Hanadi. Kageukia nje ya bajaji, mabega yanamtikisika. Machozi ya kuacha nyumbani, nikamwachia kitambaa changu.

Hajui! Mpaka leo mzee hajui! Na sasa ananisubiri, yaani anamsubiri. Siwezi kumvunja moyo baba wa watu. Tukifika Zinga, kabla hata ya kufungua mizigo, naenda kwa fundi cherehani. Baibui, refu, la saizi yangu. Kandambili nyekundu ninazo.