Samaki Wangu Wana Aibu

Jumatatu, 3 Machi

Tangi limefika. Nimeliweka mbele ya kochi la wateja: maji, kokoto, jiwe kubwa lenye pango, na pampu ya kuchuja yenye sponji ndani. Samaki bado. Shemeji ataona. Huyu ni kaka wa mke wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mashine ya kunyolea, naye akanishukuru kwa kufungua saluni ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango. Mwezi uliopita katundika televisheni kubwa. Tangu hapo kochi langu limepumzika sana. Nimeandika ubaoni nje: SAMAKI HAI, KUANZIA JUMAMOSI.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa muuza samaki wa mapambo, mama mpole ambaye watu humwita Mama Mapezi. Kakataa kuniuzia. Anasema maji yangu ni machanga. Samaki wakijisaidia humo, uchafu unageuka sumu, na hakuna wa kuila. Lazima kwanza waote vijidudu wasioonekana, kwenye sponji na kwenye kokoto, ambao chakula chao ni hiyo sumu. Nitie punje chache za chakula cha samaki kila siku, zioze, vijidudu wapate riziki. Nikauliza ni siku ngapi. Wiki tano, pengine sita. Nikamwambia nina mpaka Jumamosi. Akanipa kopo la chakula na kunitakia subira.

Yaani nilishe samaki wasiokuwepo ili wanenepe wadudu wasioonekana. Miaka kumi na tisa nanyoa watu; leo nahisi nimenyolewa mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Watu saba kwenye kochi la watu wanne. Wanauliza samaki wako wapi. Nikajisikia nikisema kwamba wana aibu, ni wale wa kujificha pangoni wakiona wageni. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Wote wakalikodolea macho jiwe. Hakuna aliyeondoka. Karani mstaafu, ambaye hana unywele hata mmoja, amekaa saa tatu.

Biashara imenoga. Naanza kujiuliza samaki wenyewe ni wa nini.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha mwalimu mkuu, karani mstaafu akapiga kelele kwamba ameona mkia. Mimi, ninayejua kuliko mtu yeyote kwamba humo hamna mkia, nikageuka kutazama. Mashine ikaendelea na safari yake. Barabara tupu, kutoka sikioni hadi utosini.

Mwalimu mkuu alijitazama kwenye kioo kwa muda. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya chini wanayoiogopa wanafunzi: "Fundi, humo mna samaki au hamna?"

Nikasema hamna. Akavuka barabara na kitambaa changu shingoni. Shemeji kamnyoa kipara. Nasikia kimempendeza.

Jumatano, 12 Machi

Kochi tupu, isipokuwa karani mstaafu. Nimemweleza ukweli wote. Haamini. Mkia ameuona kwa macho yake, na anadhani namficha samaki ili nimtazame peke yangu.

Nimeamua kuharakisha mambo. Ikiwa punje chache huleta vijidudu kwa wiki sita, kopo zima litawaleta kwa siku mbili. Hesabu ni hesabu. Nimemwaga kopo zima.

Ijumaa, 14 Machi

Maji yamekuwa meupe kama maziwa. Harufu imevuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Hata karani amekwenda kukaa kwenye televisheni.

Mchana akaja Shemeji, taulo puani. Nikajiandaa kwa kejeli. Badala yake akauliza ndoo iko wapi. Tukatoa nusu ya maji, yeye akibeba ndoo mbili, mimi moja. Alipomaliza akasema, "Shemeji, ungeniambia tu mambo si mazuri. Wateja wakijaa kwangu ningekuwa nakuletea."

Nimemchukia leo kuliko siku zote. Angenicheka ningelala vizuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Mwezi mzima wa punje chache. Amezitia mke wangu kwa mkono wake, maana haniamini na kopo. Leo Mama Mapezi amekuja kupima. Akadondosha dawa kwenye vichupa vya maji, rangi zikabadilika, akatabasamu kama mkunga. Sumu hakuna, vijidudu tele. Jumatatu asubuhi ataleta samaki kumi na wawili. Mwalimu mkuu ametuma salamu kwamba atakuja kuwaona, amevaa kofia.

Akaniachia na maagizo fulani kuhusu sponji. Wakati huo nilikuwa nachungulia nje kuona kama Shemeji anatutazama, kwa hiyo nikaitikia kwa kichwa tu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeshinda saluni peke yangu tangu asubuhi. Siwezi kuwapokea samaki kumi na wawili kwa maji ya mwezi uliopita. Nimemwaga yote. Kokoto nimezichemsha. Sponji ilikuwa na utelezi wa kahawia unaotia kinyaa. Nimeifua mara tatu kwa sabuni ya unga, nikaianika juani. Sasa ni safi kuliko siku niliyoinunua. Tangi linang'aa, maji mapya mpaka juu.

Nimerudi nyumbani, nikampigia Mama Mapezi kumpa habari. Akaomba azungumze na mke wangu. Wanaongea mpaka sasa. Mke wangu amekaa chini, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika kichwa.

Nadhani ni furaha.