Mng'ao Mpya wa Kitufe cha Tuma

Wananchi walitangaziwa siku ya Jumatatu, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba zama za kitufe cha kijivu zimefika mwisho. Kila kitufe katika tovuti za serikali kitakuwa cha dhahabu, chenye pembe za mviringo, na "kitaakisi hadhi ya taifa". Waraka ukaongeza, kwa herufi nzito, kwamba mabadiliko haya hayatabadilisha chochote.

Mzigo akatwishwa Dada wa Kompyuta, wa ghorofa ya kwanza, chumba cha jirani na choo. Yeye ndiye aliyetunza mtambo unaozalisha kurasa zote za serikali, elfu nne na ushei. Ukurasa usiosema unataka kitufe cha namna gani, mtambo huupa cha kawaida: kijivu, chini kushoto, kimeandikwa Tuma. Kulia kwake hukaa Futa. Na kwa kuwa hakuna ukurasa uliowahi kusema lolote, ukigusa hicho cha kawaida umezigusa zote.

Kamati ya Mwonekano wa Awali ikaitishwa. Mwenyekiti wake, Mkurugenzi Mkuu, ambaye walinzi wa getini walimwita Bwana Mng'ao akishapita, alikichora kitufe ubaoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Tuma ikae kulia. Kulia ndiko kwenye heshima. Futa ihamie kushoto."

Dada akamkumbuka mama yake. Huyo, aliyeshona sare za serikali miaka thelathini hadi macho yakamwishia, hujaza kila mwezi fomu ya Uthibitisho wa Uhai. Kila anayelipwa na serikali, mkubwa kwa mdogo, hutakiwa kueleza kabla ya saa sita mchana ya siku ya mwisho kama bado yu hai. Maandishi mama hayaoni. Anachokiona ni kidoa cha kijivu, chini kushoto. Akibonyeza Futa, mtambo humwandika amefariki, na marehemu si mtu wa kulipwa mafao.

"Mheshimiwa, watu wamezoea kushoto," Dada alisema. "Mtu atajifuta hivi hivi, bila kujua."

"Si kuna lile swali, 'Una hakika?'" katibu akauliza.

"Liondoeni kote. Serikali haiulizwi kama ina hakika."

Katibu akaandika. Dada akajaribu njia nyingine.

"Basi vitufe vya kurasa za zamani tuviache vilivyo. Anayetaka mng'ao aandike mstari mmoja juu ya ukurasa wake: nataka mpya. Anayenyamaza abaki na alichonacho. Hakitavunjika kitu."

"Yaani wananchi wabaki na kijivu?"

"Mpaka waombe, Mheshimiwa."

Mwenyekiti akatafakari. Kweli, haikuwa desturi ya ofisi ile kumpa mwananchi kitu bila kuomba, na hata akiomba kuna utaratibu. Hoja ikapita kwa makofi.

"Ila ghorofa ya tano tunaomba leo," akasema. "Fomu za wakurugenzi ziandikie huo mstari. Mimi wa kwanza."

"Mheshimiwa, na wewe vidole vyako vimezoea kushoto."

"Binti, kitufe hiki nimekichora mimi!"

Dada akamsogezea karatasi, naye akatia saini iliyojaa nusu ukurasa.

Siku ya mwisho wa mwezi, mama alifika kwenye kompyuta ya umma, chini mapokezi. Dada alisimama nyuma yake. Kidole kikashuka chini kushoto, kwenye kidoa cha kijivu. Kompyuta ikasema: Asante kwa kuwa hai. Dada nusura alie kwa furaha.

Juu ghorofa ya tano, mbele ya wapiga picha wawili, Bwana Mng'ao aliigeukia kamera, akatabasamu, akabonyeza pale kidole chake kilipokuwa kikibonyeza kwa miaka kumi na mmoja. Makofi yakalia kwanza. Kisha mtu akasoma kioo kilichong'aa dhahabu: Poleni kwa msiba.

Saa sita na dakika tano kadi yake ya lifti ikakataa. Akashuka kwa ngazi, akihema.

"Nirudishe! Sasa hivi!"

"Panahitajika saini ya Mwenyekiti wa Kamati," Dada akajibu.

"Si mimi?"

"Alikuwa wewe. Saini ya marehemu haipokelewi, Mheshimiwa, waraka wa kusema hivyo uliutoa mwenyewe." Akamwonea huruma kidogo, kidogo tu. "Lakini lipo Ombi la Kurejeshewa Uhai. Linajazwa pale kwenye kompyuta ya umma. Mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo twende taratibu."

Akapanga foleni kama watu wengine, wa kumi na tisa. Zamu yake ilipofika akajaza kila kitu bila kosa: jina, cheo, tarehe ya kufariki. Mama, aliyekuwa benchini akimsubiri binti yake amalize kazi, akamhurumia.

"Mwanangu, bonyeza kile cha kijivu. Chini kushoto."

Bwana Mng'ao akacheka kwa uchungu.

"Kushoto tena? Mama, kushoto kumeniua mimi leo! Sasa nimeshajifunza."

Akanyoosha kidole, akakikagua mara mbili, akabonyeza kulia.