Jozi Zangu za Maseneta

Wewe uliyeokota daftari hili, tafadhali lifunge. Ukishindwa kulifunga, basi usimsimulie mtu, hasa mtu anayefanya kazi ghorofa ya tatu ya jengo la bunge la jimbo, na hasa zaidi Corliss Haug. Nakusihi. Mimi ni karani wa msimu tu, na nina mama mwenye matumaini makubwa.

Jumatatu, 9 Februari

Bi Ardis Opdahl, Katibu wa Seneti, ametuita ofisini, mimi na Corliss. Nafasi ya karani wa kudumu ni moja. Sisi ni wawili. Ijumaa Seneti itapigia kura azimio la mkutano wa majimbo, na mimi ndiye nitakayesoma majina ya maseneta, kila mmoja ajibu ndiyo au hapana. Siku ikipita bila vurugu, nafasi ni yangu. Ikiwa na vurugu, ni ya Corliss. Corliss akanipongeza kwa tabasamu ambalo sikulipenda hata kidogo.

Azimio lenyewe si mchezo. Majimbo thelathini na manne yakiomba, Bunge la taifa halina budi kuitisha mkutano wa kurekebisha Katiba ya nchi. Halijatokea jambo hilo tangu Katiba iandikwe. Mheshimiwa Wanda Schnabel anataka litokee, ili wakubwa wa Washington wawekewe ukomo wa kukaa madarakani. Mheshimiwa Gerhardt Huether anasema wajumbe wakishaingia kwenye chumba cha mkutano huo watabomoa nyumba nzima kwa kisingizio cha kutafuta panya. Zamani wawili hawa waliwinda pamoja. Siku hizi hata chumvi hawapeani kantini.

Maseneta ni thelathini na watano. Kumi na saba wanaunga mkono, kumi na saba wanapinga. Aliyebaki ni Mzee Delbert Ystad, ambaye jina lake ni la mwisho kwenye orodha. Nilimuuliza kwa adabu anaelekea wapi. Akasema ataamua akisikia jina lake.

Yaani nitakapolitaja mimi!

Jumanne, 10 Februari

Nimepata dawa ya vurugu!

Iko kwenye kanuni za zamani, ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Desturi ya jozi. Seneta wa ndiyo na seneta wa hapana wanakubaliana wote wawili wasihudhurie. Kura zao zinafutana. Hakuna upande unaopungukiwa. Watu wachache ukumbini, kelele chache. Hesabu safi!

Nilianza na Mheshimiwa Lorraine Mohr, anayeunga mkono, ambaye jino limemtesa wiki nzima. Nikamtafutia Mheshimiwa Brekke, anayepinga, ambaye kila dakika anachungulia dirishani kuona kama barafu ya ziwa bado ni nene ya kutosha mtu kusimama juu yake na kuvua samaki. Wakashikana mikono mbele yangu. Bi Mohr akaniita mwanangu. Katika jengo hili, hadi leo, nilikuwa naitwa "wewe wa karatasi".

Alhamisi, 12 Februari

Jana sikupata hata nafasi ya kuandika. Nimekuwa mtu muhimu.

Habari zimeenea. Wanakuja mezani mmoja mmoja, wanainama, wananong'ona. Mmoja ng'ombe wake anakaribia kuzaa. Mwingine mjukuu wake anacheza fainali ya mpira wa kikapu. Mwingine hana sababu yoyote, ila amechoka kumsikiliza Schnabel, na yeye yuko upande wa Schnabel! Kila ndiyo nampa hapana yake. Nimeletewa keki mbili za malai, moja ya matofaa na moja ya zabibu.

Corliss alikuja kuniuliza kama nimefikiria akidi. Nikamjibu kwamba wivu ni ugonjwa. Nilijibu vizuri sana. Nililifanyia mazoezi jibu hilo chooni.

Ijumaa, 13 Februari

Mama alipiga simu asubuhi. Alisema Ijumaa ikiangukia tarehe kumi na tatu ni mkosi, hata paka wake hatoki nje. Nikamwambia mimi ni msomi.

Saa nne niliingia ukumbini. Viti vitupu kila upande. Maseneta saba! Watatu wa ndiyo, watatu wa hapana, na Mzee Ystad akifuta miwani. Kwa muda mfupi nilijivunia. Uwiano uleule kabisa!

Kisha Huether akasimama na kuomba tuhesabiwe. Akidi, yaani idadi ambayo ikikosekana kikao si kikao, ni kumi na wanane. Nilikuwa najua. Naapa nilikuwa najua. Ila sikuwa nimeiweka karibu na yale mengine niliyokuwa nayajua.

Schnabel akataka milango ifungwe. Kanuni inasema hivyo: milango inafungwa, aliye ndani hatoki, na askari wa doria wanatumwa kuwakamata wasiokuwepo na kuwaleta. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi niko ndani.

Corliss alikuwa nje. Ijumaa kantini hupika mchuzi wa maharage na nyama, na mkate wa mdalasini pembeni. Nilimwona Corliss kupitia kioo cha mlango. Alikuwa anautafuna mkate huo polepole, akiniangalia.

Saa zikapita. Huether alikuwa na pipi za mnanaa kwenye droo. Alikula mbili peke yake, kisha akamsukumia Schnabel moja mezani bila kumtazama. Schnabel akaipokea. Wakaanza kuulizana ni nani aliyewaruhusu watu wote hao kuondoka. Wakanigeukia pamoja. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana mwaka huu.

Brekke aliletwa akiwa na viatu vya mpira na ndoo yenye samaki wawili, mmoja bado akirukaruka. Bi Mohr aliletwa shavu likiwa limevimba, pamba mdomoni. Mwenye ng'ombe aliletwa akinuka zizi. Kila aliyeingia aliulizwa ruhusa alipewa na nani. Kila aliyeulizwa alininyooshea kidole. Bi Mohr, kwa sababu hakuweza kusema, alininyooshea mara mbili.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipotimia wote thelathini na watano. Nilisoma majina kwa sauti ya mbuzi. Kumi na saba ndiyo. Kumi na saba hapana.

"Seneta Ystad," nikasema.

Alisimama taratibu.

"Kijana, asubuhi nilikuja na ndiyo yangu mfukoni," akasema. "Wanda alikuwa ameshanishawishi. Lakini tumemaliza siku nzima, na mafuta ya magari ya askari, kuwaweka majirani thelathini na watano kwenye chumba kimoja. Na mmoja wetu ana ndoo. Sasa hao wajumbe wa majimbo hamsini mtawakusanya kwa kutumia nini?" Akaitazama ndoo. "Hapana."

Azimio limeanguka kwa kura moja. Schnabel alinitazama mpaka nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Bi Ardis hakufoka. Alivua miwani tu. Akamwambia Corliss ahamie meza ya dirishani, ile ya karani wa kudumu, kuanzia Jumanne, kwa kuwa Jumatatu ni sikukuu. Akaniambia mimi nishuke chumba cha nyaraka, chini kabisa, mpaka msimu uishe, na nisiongee na seneta yeyote hata akinisalimia.

Jumapili, 15 Februari

Nimehamisha vitu vyangu leo jengo likiwa tupu. Chini si pabaya. Kuna bomba la maji moto.

Nimetafakari kwa kina. Nimeligundua kosa langu. Ni jozi! Jozi inamtoa mtu siku nzima. Schnabel ataomba kura irudiwe Jumanne, na safari hii nitawatoa kwa zamu. Wengine wanatoka, wengine wanarudi, ndani wanabaki kumi na wanane wakati wote. Kamili. Hata mmoja hazidi. Mradi tu asiumwe mtu tumbo.

Brekke ameshakubali. Alipita kuchukua ndoo yake, na hakunisalimia, kwa hiyo sijavunja amri.

Basi wewe uliyeokota daftari hili: kama ni seneta na unataka zamu, nifuate. Tumia ngazi za nyuma. Lifti inafungukia mbele ya meza ya Corliss. Mlango wangu hauna kibao, uko baada ya tanuri la maji moto. Gonga mara mbili. Bi Ardis hugonga mara tatu, na hapo sitafungua. Jina langu ni Lowell Tvedt, ila uliza Lowell tu, usitaje Tvedt. Nisipoitika, nipo. Pitisha jina lako chini ya mlango, pamoja na upande wako. Keki iache juu ya bomba, isipoe.