Mgongo wa Fundi Bwanausi

Kiraka kilikuwa cha kanga, chenye maua mekundu, ukubwa wa kiganja, chini kidogo ya bega la kushoto la kanzu ya Fundi Bwanausi. Miza alikiona siku ya kwanza kabisa, wala hakumwambia mtu. Angemwambiaje? Fundi Bwanausi alikuwa bingwa wa cherehani mjini Bagamoyo, mtu wa kuwasimamisha watu njiani akawakosoa pindo. Na mkewe, Bi Mwanamvua, alikuwa amechoka kungoja zamu yake kwa fundi, akaliziba tundu mwenyewe.

Miza hakuwa msemaji. Kila alasiri alikaa kwenye kizingiti cha mlango, sinia la kashata mbele yake, ndoo ya kusuuzia vikombe ubavuni. Mjomba wake Mosi alimimina kahawa pale nje, akiwaelekea wateja. Wateja walikaa kwenye benchi wakitazama barabara. Miza alitazama migongo yao. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua, na hata huko darasani kilichomkaa zaidi ni mgongo wa mwalimu akiandika ubaoni, ambao alikuwa akiuchora nyuma ya daftari la hesabu. Sasa alichora kwenye karatasi za kufungia kashata. Waliomwona na penseli walidhani anafanya kazi za kisomo cha watu wazima, wakamsifu, wakaendelea na soga.

Taabu yake ilikuwa moja tu. Fundi Bwanausi hatulii. Kila penseli ilipofika kwenye kiraka, fundi aligeuka kumkosoa mpita njia. Kila alipogeuka, Miza alikuwa na neno mdomoni, na kila mara alilimeza.

Jumapili hiyo Sadallah alikuja mbio na gazeti. Aliitwa Redio, kwa kuwa alitangaza habari zote na hakuwa na kitufe cha kumzimia.

"Assalaam alaikum, wanabenchi!"

"Waalaikumu salaam. Punguza sauti, Redio," Mosi alimjibu, "kuna watoto wamelala mpaka kijiji cha pili, kule Mbegani."

"Leo sipunguzi. Tumo tena!"

Akalikunjua gazeti kwenye magoti ya Fundi. Ilikuwa wiki ya sita sasa gazeti hilo la Dar linatoa hadithi ya picha iitwayo "Benchi la Kahawa": watu watatu wanapiga soga, wote wamechorwa kwa nyuma. Mmoja kofia imemlalia sikio. Wa katikati ana kanzu. Wa tatu ana nywele nyingi.

"Leo ametuchora wakubwa," alisema Redio. "Kofia yangu hiyo, sina ubishi."

"Na huyu mwenye kichuguu kichwani ni Brashi," alisema Fundi.

Brashi, jina lake Kitwana, alikuwa kijana wa kuandika mabango ya maduka. Alivaa suruali ya bugaluu, pana miguuni kiasi cha kumfagilia Mosi uwanja.

"Hiyo ni afro, mzee wangu."

"Kinyozi wako amehamia Chalinze?"

"Ngojeni!" Redio aliinua kidole. "Leo chini pana tangazo. Sikilizeni. 'Mchoraji wa Benchi la Kahawa, ambaye bahasha zake zina muhuri wa posta ya Bagamoyo lakini hazina jina, anaombwa afike ofisini kwetu Dar es Salaam Jumatatu saa tatu asubuhi, akiwa na mchoro mpya wa wiki. Atapewa kazi ya kudumu. Asipofika, ukurasa utapewa mchoraji mwingine.'"

Kule mlangoni, kisu cha Miza kilisimama katikati ya kashata.

"Jumatatu si kesho?" Mosi aliuliza.

"Kesho hiyo hiyo."

"Kazi ya kudumu!" Fundi alitikisa kichwa. "Mtu mzima aamke, avae viatu, amuage mkewe, aende kuchora pua za watu?"

"Pua ziko wapi, Fundi? Huyu hachori pua. Mcha Mungu huyu, anayakwepa macho, asije siku ya Kiyama akaambiwa azitie roho picha zake."

"Na akiambiwa autie roho mgongo wangu, utanyanyuka uende wapi peke yake?"

"Utakwenda dukani kwako ukamalize kanzu yangu ya Idi."

"Idi ipi?"

"Ya mwaka juzi."

Mosi alicheka mpaka vikombe vikagongana mkononi.

"Lakini kweli, Redio," alisema, "mchoraji anafanya nini siku nzima?"

"Anapewa meza, Mosi. Meza, wino, na kiti kinachozunguka. Akitaka dirisha, anazunguka. Akitaka chai, anazunguka. Ndiyo unaizi wenyewe, ubosi wa ofisini."

"Mimi cherehani imenizungusha kichwa miaka thelathini," alisema Fundi, "na hakuna aliyenitia gazetini."

"Umetiwa, mzee. Si wewe huyu hapa katikati?"

Hapo Brashi akakohoa. Alikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kuulizwa. Hawakumuuliza. Akakohoa tena.

"Mpe maji," Fundi alimwambia Mosi.

"Jamani, sikutaka kusema," Brashi alianza, akiinamisha macho kwa adabu ambayo hawakuwahi kuiona kwake. "Mchoraji ni mimi. Nilijificha kwa sababu ya unyenyekevu."

Miza aliinua kichwa, akamtazama Brashi kisogoni.

"Wewe?" Redio alimgeukia. "Wewe uliyechora ng'ombe ukutani kwa muuza nyama, watoto wakamwita mjusi?"

"Ng'ombe yule alikuwa amekonda, nilichora ukweli. Kesho napanda basi la saa kumi na moja alfajiri. Utingo ni mdogo wangu, kiti cha mbele ni changu."

"Na hii alama ya pembeni ni nini?" Redio aligusa kona ya picha. Palikuwa na kidude kidogo cha pembe nne, kimekaa mshazari. "Mchoraji huwa anaitia kila wiki badala ya jina."

"Hilo ni kopo la rangi."

"Kopo lina pembe?"

"Limetazamwa kutoka juu."

"Kopo ukilitazama kutoka juu ni duara, Brashi!"

"Hilo lilibonyea."

Miza alitazama sinia lake. Kashata zilijipanga pale kimya, kila moja na pembe zake nne, zimekatwa mshazari. Akazifunika kwa kitambaa.

Alijua Brashi si mtu mbaya. Alijua pia kwamba kesho saa tatu atakuwa amekaa kwenye kile kiti, anazunguka, na ukurasa utakuwa umekwenda. Karatasi aliyokuwa akiichorea ilikuwa magotini, haijamalizika. Ilibaki sehemu moja tu.

"Subirini," Fundi alisema ghafla. Alilisogeza gazeti mpaka likamgusa ndevu. "Hii nini mgongoni kwangu?"

"Maua," alisema Redio. "Wiki zilizopita nilidhani wino umedondoka."

"Maua ya nini? Mimi ni mwali, nina maua?"

Redio akajipinda kutazama nyuma ya Fundi. Akanyamaza. Redio kunyamaza! Mosi naye alizunguka benchi, dele mkononi, akatazama, na kahawa ikamwagika mchangani bila yeye kujua.

"Fundi," alisema Mosi polepole, "unayo."

"Ninayo nini?"

"Kiraka cha kanga. Na pana neno."

"Neno gani?"

"VUMILIA."

Fundi Bwanausi alisimama. Akageuza shingo kulia, haikufika. Akageuza kushoto, haikufika. Akazunguka mara mbili mahali pale pale kama paka anayetafuta mkia, huku kiraka kikimkimbia.

"Mwanamvua!" alinong'ona. "Kwa uzi gani?"

"Mweusi."

"Mweusi! Kwenye kanzu nyeupe! Tangu lini?"

"Kwa mujibu wa gazeti, hii wiki ya tatu," alisema Redio.

"Ina maana nchi nzima imeona?"

"Kigoma wamekiona. Bukoba wamekiona. Ulibaki wewe."

Fundi alimgeukia Brashi, kidole mbele. "Na wewe! Mimi nilikufunza kushika sindano ulipokuwa huna meno. Ulikuwa unajua nina kiraka, ukaninyamazia?"

"Mimi? Wallahi, mzee wangu, sikuwa na habari! Ndio kwanza nakiona leo!"

Maneno yakamtoka kabla hajayatazama. Wote walimkodolea macho.

"Ndio kwanza unakiona leo," Redio alirudia, kama anayesoma taarifa ya habari, "na umekichora wiki tatu."

Brashi alishika nywele zake. Akacheka kidogo, peke yake.

"Basi jamani. Mtu hawezi kujaribu bahati?"

"Bahati umeijaribu, imekukataa. Kaa chini." Redio alianza kuhesabu kwa vidole. "Mimi nakaa kulia kwa Fundi. Brashi kushoto. Mosi yuko mbele yetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona mgongo wa huyu bwana. Kwa hiyo mchoraji anakaa nyuma."

"Nyuma kuna ukuta," alisema Mosi.

"Na mlango."

"Na mlangoni kuna…"

Wakageuka wote.

Miaka yote aliyokaa pale, Miza hakuwahi kuziona nyuso zao zote kwa pamoja. Zilikuwa nyingi mno. Nyuma yake palikuwa na pazia. Hatua moja tu na angekuwa ndani, na wangesema ni binti wa watu, mwacheni, ana haya. Walishasema hivyo mara nyingi. Penseli ilikuwa mkononi. Kitambaa kilikuwa kimeteleza kwenye sinia, na Redio alikuwa akizitazama kashata, halafu gazeti, halafu kashata.

"Kopo la rangi," alisema Redio, "linaliwa."

"Miza," Mosi alisema, "kisomo ndicho hicho?"

Miza aliibana karatasi magotini.

"Shangazi yako yupo Dar, Magomeni," Mosi alisema tena, sauti imeshuka. "Mtu akitaka kufikia, atapokewa. Mimi nasema tu."

"Na kiti cha mbele," alisema Brashi, akiangalia bugaluu yake, "nitamwambia mdogo wangu kina mwenyewe. Ila usinichore leo, nimeumbuka vya kutosha."

Fundi Bwanausi peke yake hakuwa amelegea. Alisogea mpaka penye kizingiti, akasimama kifua mbele, mikono kiunoni, kiraka chake kikielekea barabarani kwa kila mpita njia.

"Mwanangu," alisema, "ndiye wewe uliyenivua nguo mbele ya Kigoma?"

Miza akafumbua mdomo, na lile neno alilokuwa akilimeza wiki tatu nzima likatoka, si kubwa, lakini wote walilisikia.

"Ndiye mimi, ami. Hebu nipe mgongo utulie, sijamaliza kiraka, na basi ni alfajiri."