Kengele ya Sufuria Zetu

Jumatatu, 2 Juni

Mchungaji hajarudi. Yuko mji mwingine, hospitalini, kando ya kitanda cha mkewe aliyefanyiwa upasuaji wa kichwa. Ametuma ujumbe: nisubirini, msianzishe jambo jipya. Kanisa ameniachia mimi, mzee msaidizi, fundi wa kusubu sufuria, kuyeyusha alumini na kuimimina. Katibu wa kanisa amenuna. Alidhani ataachiwa yeye kwa kuwa ana mkoba.

Jana viti vingi vilikuwa vitupu. Watu wanaulizana, mtu gani huyu anauguza bila kikomo? Wengine wamehamia kanisa la ng'ambo ya barabara, lenye ngoma na taa. Lazima nifanye kitu. Kusubiri kila mtu anaweza, hata kiti.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata. Kengele! Nimetangaza kila nyumba ilete sufuria ya alumini, ile nzuri, siyo iliyotoboka. Wameleta mbio mpaka uani hapapitiki.

Dada yangu mkubwa kaleta ile yake ya shughuli, ambayo mtoto anaweza kuogea ndani. Kaibeba mwenyewe, na mguu wake ule. Ana sukari, na kidonda cha unyayoni hakitaki kufunga. Mumewe alimfuata nyuma na mfuniko, akaniuliza kama sasa watapikia kengele. Nikamwambia, shemeji, wewe huna imani. Akasema ni kweli hana, na sasa hana na sufuria.

Ijumaa, 6 Juni

Nimesubu. Kalibu ya mchanga, inayoipa alumini umbo, inatakiwa ikauke kabisa kabla ya kumimina. Maisha yangu yote nimewagombeza watu kwa hilo. Lakini Jumapili iko mlangoni, na waumini walikuwa wamesimama uani wanaimba. Nikamimina ikiwa na unyevu. Ikatema moto. Nyusi ya kushoto sinayo tena.

Kengele imetoka na ufa juu mpaka chini. Nikaigonga. Hailii. Inaguna, kama mzee aliyeamshwa usingizini. Katibu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Ndipo mama mmoja wa kwaya akapiga magoti, akasema inaugua kwa ajili yetu. Wakapiga magoti wote. Sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Jumapili, 8 Juni

Kanisa limefurika. Wamepanga mstari kuigusa. Mwenye mgongo kanyooka. Mwenye jino kasema maumivu yamekwisha. Alilingʼoa juzi, lakini sikutaka kuingilia ushuhuda wa mtu.

Katibu ndiye alikuwa na somo. Kwa makusudi akasoma habari za Haruni na ndama wa dhahabu, kila mstari ananikazia macho. Mimi nilimhurumia Haruni. Ndugu yake kapanda mlimani, haijulikani atashuka lini, umati unamkaba koo. Kafanya kazi ya watu, shukrani hakuna. Ila pale aliposema alitupa dhahabu motoni na ndama akatoka mwenyewe, alidanganya. Mimi ni fundi. Lazima palikuwa na kalibu.

Nilipopanda kuhubiri nikaona watu wanaanza kupoa. Likanitoka tu: anayegusa kengele kisha akaenda kutafuta dawa, huyo hajaamini. Makofi mpaka mabati yakatetemeka. Dada alikaa mstari wa mbele. Alipiga makofi kuliko wote.

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji kaja karakana. Dada ameacha sindano tangu Jumapili. Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, shemeji humwosha kidonda na kumdunga. Sasa anafungiwa mlango. Akaniomba niende nikamwambie dada kwamba nilikosea. Neno moja tu, shem, anakusikiliza wewe.

Nimemwahidi nitakwenda. Jumatatu. Nikitengua kauli kabla ya Jumapili, Katibu atapata la kusema mwaka mzima. Na safari hii nasikia wanakuja wale wa ngʼambo.

Jumapili, 15 Juni

Wa ngʼambo wamekuja kweli, na mpiga ngoma wao. Kengele iliguna vizuri sana. Dada hakuonekana.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda. Harufu ilinipokea mlangoni. Mguu mweusi hadi kifundo. Dada alinitambua kwa taabu, akanishika mkono, akauliza: mdogo wangu, kwani mimi sijaamini vya kutosha? Nikamwambia apumzike.

Shemeji alimbeba mgongoni mpaka barabarani, hakunitazama. Mimi nilibeba viatu.

Alhamisi, 19 Juni

Mguu umekatwa chini ya goti. Daktari anasema sumu imeingia kwenye damu. Dawa inapita kwenye mpira, tone kwa tone. Hakuna njia ya mkato, tusubiri.

Mchungaji amerudi. Mkewe sasa anatembea kwa kushika ukuta. Nilitegemea anikaripie, nilikuwa nimeshaandaa majibu. Akaizunguka kengele taratibu, akaniuliza watu hawa walinikosea nini. Nikamjibu kwamba walileta sufuria, nikazitia motoni, ikatoka hiyo. Katibu akakohoa.

Ameagiza niivunje, nisubu upya sufuria, kila nyumba irudishiwe yake. Kisha akaenda kukaa na shemeji wodini. Hata koti la safari hakuvua.

Jumamosi, 21 Juni

Homa ya dada haijashuka. Shemeji yuko kwenye benchi lile lile, anamlowesha midomo kwa pamba. Mchungaji upande wa pili. Wanaweza kukaa hivyo mpaka benchi liote mizizi. Nimemuuliza daktari, lini? Tusubiri. Nimemuuliza muuguzi. Tusubiri. Jengo zima wanajua neno moja.

Nikatoka kupunga hewa. Langoni nikakutana na bwana mmoja wa suti, mpole, ana chupa ya maji. Yamewainua watu waliokuwa hoi, anasema, tena kwa jioni moja. Ila mgonjwa atolewe hospitalini kwanza. Maji hayo hayapatani na dripu. Hapo ndipo nilipomwamini. Tapeli angesema yanafanya kazi popote.

Kesho asubuhi Mchungaji atakuwa ibadani, na shemeji nimemshauri aende nyumbani akaoge. Dada ni damu yangu, karatasi ya kumtoa naweza kuitia sahihi. Mwenye gari nimeshaongea naye. Nimemwambia asichelewe.