Pingamizi Dhidi ya Simu Kubwa Kutoka Maskati

Machano Ubwa,
Karani Mstaafu wa Masjala,
Ghorofa ya Nne, Michenzani,
Unguja.

Kumb. Na. MU/SIMU/01

Kwa Bi Wanu Ubwa,
Dada Mkubwa na Mwenye Kauli ya Mwisho katika Ukoo,
Jambiani.

Dada yangu mtukufu,

YAH: KUPINGA KULETEWA SIMU KUBWA YA KAMPUNI PINZANI

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umesharudi pwani na mwani wako umeshauanika, kwa maana najua husomi kitu chochote wakati mwani ungali majini. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo halihusiani na shauri hili.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu na karatasi, na kumpa Gharib wa gari ya samaki akufikishie mkononi, kwa sababu sikuona vyema kuisengenya simu kwa kutumia simu.

Shauri lenyewe ni hili. Mwanangu Nassra, ambaye wewe ni shangazi yake na ambaye hamsikilizi mtu duniani isipokuwa wewe, amenitangazia kutoka Maskati kwamba amenunua simu ya kunipa. Si Zuhura, kama hii niliyo nayo. Ni Almasi, kampuni pinzani, tena ile kubwa kuliko zote walizotoa. Anataka kumpa mwanao Hamad, atakapokuja likizo baada ya Idd, aniletee. Nimepewa mpaka Ijumaa nijibu kama naitaka au siitaki, kwani duka linakubali kuipokea tena hadi siku hiyo. "Baba, we fikiri tu vizuri, mie nnakutakia raha," ndivyo alivyonambia. Nimefikiri vizuri kwa siku tatu na raha yenyewe bado sijaiona. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naweka sababu zangu mbele yako uzipime.

1. La kwanza ni uaminifu. Sisi ni watu wa Zuhura. Marehemu mke wangu Thuwaiba ndiye aliyeichagua Zuhura yetu ya kwanza, ile ya vitufe, na hii ya kupapasa pia aliichagua yeye, akasema imekaa kama kipande cha sabuni na haitamchosha mtu mkono. Wewe mwenyewe unamkumbuka baba yetu. Redio yake ilipokufa alikaa miezi minne bila ya habari za dunia mpaka ikapatikana nyingine ya aina ile ile. Ulipotaka kumwazimia ya jirani alikataa, akasema habari za redio ile yeye hajui zinatoka wapi. Mtoto wa mtu kama yule leo aonekane na Almasi mkononi? Sitaki kusikia watu wa Kikwajuni watasema nini, na hao husema hata pasipokuwa na la kusema.

2. Mfuko wa kanzu. Nilikata kadibodi kwa vipimo alivyonitajia Nassra, nikaenda nayo kwa fundi Tahir tuijaribu. Tuliitia kwenye mfuko wa kifuani na nusu yake ikabaki nje, kama mtu anayechungulia dirishani. Tahir anasema anaweza kuupanua mfuko, lakini bega la kushoto litalala na nitakuwa natembea kama niliyebeba ndoo. Halafu kuna suala la rukuu. Zuhura nikiinama inatulia mahali pake. Ile kadibodi niliijaribu nyumbani, nikainama bila ya kusali, Mungu anisamehe, na kila nilipoinama ilianguka. Nawe unajua mimi husali safu ya mbele. Hebu fikiri Almasi imeanguka nyuma ya imamu, imewaka yote, na kwenye kioo yumo Nassra anauliza, "Baba, mbona unanonesha zulia?"

3. Ukubwa wa herufi. Nassra anasema herufi za Almasi ni kubwa na nitasoma bila ya taabu. Hilo ndilo linalonitisha. Mwezi uliopita ulikuja ujumbe kwenye grupu la majirani. Niliona jina la Bi Nadra, nikaona "kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu", nikaona "Ijumaa baada ya alasiri", nikatosheka. Nilijibu kwa Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikaongeza kwamba njia yetu sote ni moja. Kumbe Bi Nadra anamwoza binti yake.

Ikabidi niende mwenyewe, kwa miguu na kwa goti hili, kuomba radhi. Bi Nadra alicheka mpaka akakaa chini. Nilipewa biriani, nikaulizwa habari za nyumbani, nikaoneshwa nguo za bibi harusi, nikarudi kwangu baada ya Isha nikiwa nimeshiba na nimezungumza na watu kumi na mmoja. Ningekuwa na Almasi ningeisoma ile habari sawasawa, ningejibu "Hongera", na ningebaki nyumbani na chai yangu. Ukilitazama jambo hili kwa makini utaona kwamba simu isiyosomeka ndiyo iliyonipa jioni njema kuliko zote mwaka huu.

4. Kuonekana. Kwenye Zuhura, Nassra akinipigia kwa picha huona kidevu changu, na siku nyingine dari. Tumeshazoeana hivyo. Almasi, kwa maelezo yake mwenyewe, inaona chumba kizima na giza lake. Ataona kwamba godoro nimelihamishia sebuleni, kwa sababu chumba cha ndani kimekuwa kikubwa mno tangu mama yake alipotutoka. Ataona kwamba ule wali ninaomwambia nimekula huwa ni mkate wa boflo na chai ya rangi. Sijamdanganya, Dada, nimemfupishia. Akishaona yote hayo ataanza kunipa ushauri: nitafute mtu wa kunipikia, goti nilisugue mafuta ya karafuu, nisishuke ngazi peke yangu. Ushauri wote huo kutoka Maskati, na wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka.

5. Usi. Huyu ni jirani yangu wa ghorofa ya pili, umewahi kumwona, yule mwenye tabia ya kucheka kabla ya kusema. Mwaka juzi mwanawe alimletea Almasi, kubwa vile vile. Kabla ya hapo Usi alikuwa akipanda kwangu kila alasiri tunakunywa kahawa. Sasa hunitumia picha ya kikombe. Kikombe kinafuka moshi, sikatai, na pembeni kuna kipande cha kashata, lakini sijui nikinywe vipi. Kutoka mlango wake mpaka wangu ni ngazi thelathini na nane, nimezihesabu. Idd iliyopita alinitumia maua yanayotikisika. Niliposhuka kumpa mkono wa Idd kama binadamu, nilimkuta amekaa kwenye mkeka anamtumia maua hayo hayo mtu wa ghorofa ya tatu.

Hilo peke yake ningelistahamili. Lakini mwanawe huyo, ambaye naye anafanya kazi Maskati, zamani hakuwa akikosa kuja kila mwaka. Tangu ailete ile simu hajarudi tena. Nilimuuliza Usi kwa nini. Akanambia, "Aje kufanya nini, na kila siku tunaonana? Jana kanambia, baba nshakuona, haya nnakwenda zangu." Alicheka, kama ilivyo kawaida yake, lakini safari hii alisema kwanza ndipo akacheka. Nikapanda ngazi zangu pole pole.

6. Hesabu. Nimekaa masjala miaka thelathini na miwili, na jambo likinishinda huwa nalichorea jedwali. Nimelichorea hili, na matokeo yake ni kama ifuatavyo. Nassra alipoolewa Maskati sisi hatukuwa na simu nyumbani. Alikuwa akipiga dukani kwa Amour, chini ya jengo, naye Amour akiniita kwa sauti, nami nikiitika naam na kushuka mbio. Wakati huo Nassra alikuja kila mwaka. Ikaingia Zuhura ya vitufe, yenye kioo mfano wa stempu, akawa anakuja kila baada ya miaka miwili. Ikaingia Zuhura ya kupapasa, kioo mfano wa kiganja. Mara ya mwisho kuja ilikuwa hitma ya arubaini ya mama yake, na Shaabani hii inatimia miaka minne.

Kwa hiyo sheria iko wazi: kila kioo kinapokua, miaka inazidi mara mbili. Almasi ina kioo mfano wa sahani. Jedwali linatoa miaka minane. Mimi nina miaka sabini na moja. Na hao jamaa wa Almasi hawatakoma hapo, watatengeneza nyingine yenye ukubwa wa mlango, nami nitakaa mbele yake nasubiri miaka kumi na sita mtu atokeze. Nimeirudia hesabu hii mara tatu, nikitumai nimekosea, kwani skuli sikuwa mkali wa hesabu. Imetoka ile ile. Nilipoweka kalamu chini niliona uchungu, Dada, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Najua utasema namlaumu mtoto bure. Simlaumu. Ana kazi, ana mume, ana watoto wa skuli, na hiyo simu kanunua kwa mapenzi. Ninacholalamikia ni simu, ambayo haina kazi wala mume, na bado inataka kukaa mahali pake.

Kwa sababu zote hizo, naomba utoe uamuzi ufuatao kabla ya Ijumaa:

(a) Umwambie Nassra kwamba ukoo umekaa, umejadili na umekataa. Si lazima kumwambia kwamba waliokaa ni mimi na wewe, wala kwamba wewe ulikuwa Jambiani.

(b) Umwarifu Hamad kwamba begi lake limejaa.

(c) Iwapo Nassra atashikilia kwamba ni lazima anitumie kitu, atume halua. Halua haina kioo.

Nakuombea jua la kutosha mpaka mwani ukauke na bei ya mwaka huu isikutie hasira. Nisalimie shemeji Mcha, umkumbushe kwamba mchezo wetu wa bao aliukimbia alipoona anashindwa, na kusingizia adhana haikumsaidia, kwani muadhini alikuwa bado hajafika msikitini. Nisalimie mkweo Bashira na mapacha wake, wote wawili, kila mmoja kwa jina lake. Msalimie na yule jirani yako mliyenuniana, kwa kuwa mimi sijanuniana naye. Gharib akishakupa barua hii mpe chai, ila usimruhusu aanze kuhadithia habari za gari yake, utachelewa kujibu.

Mimi ni mdogo wako, niliye tayari kutii kauli yako kama nilivyotii tangu uliponifunza kufunga kikoi,

Machano Ubwa

Nakala: Jalada.

Tanbihi: Gharib amechelewa, nami nimepata nafasi ya kuisoma barua hii tena. Tafadhali futa vifungu vyote, cha 1 hadi cha 6, na maombi yote ya chini yake, isipokuwa halua. Mwambie Nassra simu naitaka. Naitaka hiyo hiyo Almasi, na kama dukani kuna iliyo kubwa zaidi, sitakasirika. Ila asimpe Hamad. Wewe ni mama yake na unajua kwamba tangu utotoni Hamad hajapata kutumwa kitu kikafika kizima. Asimpe mtu mwingine yeyote. Mwambie simu ya namna ile haitumwi, hubebwa na mwenyewe aliyeinunua, mkononi, mpaka mlangoni kwa baba yake. Halafu mwambie baba yake hajui hata inawashwa wapi, kwamba uzee umemfanya mzito wa kufahamu, na kwamba kumfundisha kutachukua si chini ya mwezi mmoja. Ukimsikia sauti yake imelainika, sema miwili.